Si Kazi, Ni Matembezi

Meza yangu ina miguu mitatu na tofali.
Nimeiweka ng'ambo ya ofisi ya uhamiaji,
pale jiwe kubwa linapotupa kivuli mpaka saa tano;
baada ya hapo kila mtu na jua lake.
Najaza fomu. Elfu mbili, kwa herufi kubwa.
Mwenyewe, mbali kabisa nilikofika ni Sengerema.

Jumanne akaja Ng'wasi wa Kayenze,
pasipoti mpya bado inanuka gundi,
ameifunga kwenye leso kama yai.
Binti yake Kabula amejifungua huko kusini,
nchi ambayo sisi hatudaiwi viza.
"Nimeambiwa ni kupita tu," akasema.

Kupita tu!
Mama, mlango usio na kufuli una mbwa.

Nikamhesabia. Pasipoti iwe na miezi sita ya uhai,
na kurasa mbili tupu, zinazotazamana.
Tiketi ya kurudi, hata kama moyo haujakata ya kwake.
Kadi ya manjano.
Barua ya mwenyeji, jina la mtaa, namba ya nyumba.
"Nyumba ina namba?"
Ina.
Siku tisini, na siku ya kufika imo ndani yake
hata ukitua usiku wa manane kasorobo.
Ukizidisha moja, jina lako linalala kwenye mashine
na mashine haisahau kama watu.

Kisha nikakaza shingo, nikawa afisa,
mfano wa kongoti wa soko la Kirumba ndani ya koti lake:
Lengo la safari?

"Naenda kumsaidia mwanangu."

Nikaweka kalamu chini.
Usiseme kusaidia. Kusaidia ni kazi,
na kazi ina kibali, na kibali kina bei.
Sema unatembelea.

"Sitamkanda mzazi kwa maji ya moto?"
Utamkanda.
"Sitakoroga uji, sitafua nepi,
sitakesha na kichanga ili mama yake alale?"
Utakesha.
"Na si kazi?"
Kwenye fomu, si kazi.

Akatazama ziwa, kule kivuko kilipokuwa kinageuza mgongo.
"Basi hata kwa marehemu Maduhu
nilikuwa matembezini.
Miaka thelathini na minne."

Sikuwa na kisanduku cha kuliandika hilo.

Kwetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huko ni mgeni siku tisini,
na jembe likionekana mkononi anarudishwa.
Nilimweleza hivyo, akacheka mpaka akakohoa,
akauliza kama na yule mtoto, alipoingia,
aliulizwa atakaa siku ngapi.

Tukafungua begi. Dagaa wa Kayenze, hapana.
Matobolwa, hapana; mbegu za maboga, hapana kabisa.
Michembe alinipa mkono kwa mkono, kama anakabidhi mtoto:
"Kula wewe, usiyesafiri."

Ikabaki sehemu moja: KAZI YAKO.
Wanawake wa umri wake huwa nawaandikia HANA
bila kuinua macho. Miaka kumi na miwili, HANA, HANA,
na wino wa bluu nilionunua kwa pesa zao.
Siku ile kalamu ilisimama.
Nikaandika MKULIMA, ni kweli na haiumizi mtu,
lakini nilijua ni robo ya jibu.

Michembe niliila peke yangu, taratibu,
nikimung'unya kila kipande hadi kilainike,
wiki nzima ya mvua bila mteja.

Alirudi siku ya themanini na nane.
Muhuri wa kuingia, muhuri wa kutoka,
safi, zinatazamana.
Amekonda. Anasinzia akiwa amesimama.
Nikamuuliza: Mama, umetembea salama?

"Nimetembea," akasema,
akaweka viganja vyake mezani, juu ya fomu za watu,
vimepasuka kwa sabuni.